Asali ya Julai si yako, mzazi

Mzazi mwenzangu, majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha tano yakitoka, nyumba nyingi huku kwetu Tarime hazipati usingizi. Furaha ipo, lakini nyuma ya furaha kuna ile karatasi ya maelekezo ya shule: godoro, shuka, ndoo, sare, viatu vyeusi, jembe, fyekeo na nauli. Mwaka ule zamu ilikuwa ya binti yangu. Ndipo nilipofanya jambo ambalo nimeona haya kulisimulia hapa kwa muda mrefu. Nalisimulia leo kwa sababu Mei inaisha, mavuno ya asali yameanza, na najua kuna mzazi atakayeshika kisu wiki hii akiwa na hesabu kama yangu kichwani.

Nilikuwa na mizinga sita kwenye kilima nyuma ya shamba. Mitano ilikuwa yangu. Wa sita ulikuwa wa mwanangu wa kiume, wakati huo akiwa na miaka 12. Mwezi wa nne alikuta bumba la nyuki limening'inia kwenye tawi la mparachichi, akaja mbio kuniita. Jioni tukalikamata na kulitia kwenye mzinga mtupu. Kwa kinywa changu mwenyewe nikamwambia, "Mura, hawa ni wako. Asali yao ya kwanza ni yako, utanunua unachotaka." Akaokota mkaa, akaandika jina lake kwenye kifuniko. Alitaka viatu vya mpira.

Juni ikafika. Nikavuna mizinga yangu mitano. Miwili ilikuwa imejaa vizuri, mitatu ya wastani. Nikapiga hesabu ya maelekezo ya shule, haikutosha. Siku ya pili nikaufungua mzinga wa sita, mwanangu akiwa shuleni. Nyuki walikuwa wachache, wanafunika masega manne tu. Nikakata kila penye asali. Nilipata kama lita mbili. Nikajiambia kwamba maua bado yapo, watatengeneza nyingine.

Zile lita mbili zilinunua shuka na ndoo. Binti akaondoka.

Wiki ya tatu ya Julai, asubuhi ya ukungu, mwanangu alirudi kutoka kilimani akiwa ameloa miguu hadi magotini. "Baba, nyuki wangu hawapo." Tukaenda wote. Mzinga ulikuwa kimya. Sakafuni kulikuwa na nyuki waliokufa, labda konzi mbili. Wengine walikuwa wamefia kwenye sega, vichwa vimezama ndani ya vishimo, mikia nje. Akaniuliza, "Wamekufa kwa baridi?" Nikajibu, "Ndiyo, baridi ya mwaka huu ni kali."

Jioni nikamwendea mzee mmoja jirani, mtu aliyefuga nyuki kwenye magogo tangu ujana wake. Mwanangu akanifuata nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naona sura si ya salamu tu."

Nikamweleza. Akauliza, "Umevuna lini?" Nikasema mwezi wa sita. "Na ule mdogo nao?" Nikasema ndiyo. "Ukawaachia nini?" Nikanyamaza. Mzee akatazama chini kidogo, kisha akasema, "Basi usiisingizie baridi. Nyuki anayekufa kichwa kikiwa ndani ya sega anatafuta tone la mwisho. Hao wamekufa kwa njaa."

Mwanangu alisikia kila neno. Hakulia wala hakugomba. Aliondoka tu, na kwa wiki kadhaa hakukanyaga kilimani.

Kundi dogo linavyopotea

Tangu siku ile nimejifunza mengi, na ningependa uyajue kabla hujafungua mzinga.

Nyuki hawalali wakati wa baridi kama wadudu wengine. Wanajipasha moto wenyewe. Hukusanyika pamoja kama donge, malkia akiwa katikati, na hutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka. Mtetemo huo ndio moto wao, na kuni zake ni asali. Pale penye majana, yaani watoto wa nyuki, hutunza joto la nyuzi 34 hadi 35 mchana na usiku. Hawawezi kusema leo tupunguze, maana majana yakipoa hufa.

Sasa fikiria uji. Ukimimina uji kwenye kikombe na mwingine ukauacha kwenye sufuria kubwa, wa kikombe ndio utakaopoa kwanza. Kundi dogo la nyuki ni uji wa kikombe. Linapoteza joto haraka, kwa hiyo kila nyuki hula zaidi ili alinde joto lilelile. Tena wanaobaki nyumbani kupasha majana ni wengi kuliko wanaobaki huru kwenda kutafuta chakula. Kundi kubwa linaweza kusamehe kosa lako. Dogo haliwezi.

Huku kwetu nyanda za juu za Tarime tupo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku ni wa baridi, na asubuhi yenye ukungu nyuki hawatoki mapema. Wakitoka, masika yamekwisha na maua ni machache. Kuna jambo la tatu ambalo wengi hatulioni: nyuki mtenda kazi kwenye msimu wa pilikapilika huishi wiki chache tu. Chakula kikipungua malkia hupunguza kutaga, kwa hiyo wanaokufa hawapati wa kushika nafasi zao. Kundi lililoingia Juni likiwa dogo linafika mwisho wa Julai likiwa na wazee peke yao.

Wenzetu wa nchi za theluji wamelijua hili zamani. Kanada, ambako nyuki hukaa ndani miezi mingi bila kuona ua, mfugaji huhakikisha kundi linaingia kwenye baridi likiwa na akiba ya zaidi ya kilo 20. Wengine huhamishia mizinga kwenye ghala lenye giza, ubaridi wake ukitunzwa kwenye nyuzi 4 au 5 hivi, ili nyuki watulie na wasile ovyo. Makundi madogo huunganishwa kabla ya baridi, au huwekwa juu ya kundi kubwa yapate joto linalopanda kutoka chini.

Sisi hatuna theluji, na nyuki wetu wana tabia nyingine. Mara nyingi hawasubiri kufa. Wakiona njaa, wanahama wote, malkia kwa watoto wake wenye mabawa, wanakuachia masega matupu. Hiyo ni tofauti na kugawanyika, ambapo nusu huondoka na nusu hubaki. Wafugaji wengi huku wakikuta mzinga mtupu Agosti husema nyuki wamerogwa au wameibwa. Kabla hujamshuku jirani, jiulize uliwaachia nini Juni.

Mambo sita ya kufanya kabla ya Juni kuisha

Moja: tambua kundi dogo, na usilivune. Fungua jioni kwa moshi mwepesi na uhesabu masega yaliyofunikwa na nyuki pande zote mbili. Yakiwa manne au matano, hilo ni dogo. Funga. Asali iliyomo haitatosha hata kulipa karo ya siku moja, lakini kwao ni chakula cha miezi miwili. Kwa kundi kubwa pia usikombe. Acha masega kadhaa yaliyojaa na kuzibwa kwa nta, karibu na majana, na usikate sega lenye majana wala lenye chavua.

Mbili: wapunguzie nyumba. Nyuki wachache kwenye mzinga mkubwa ni kama familia ya watu watatu kulala kwenye ukumbi wa mikutano. Kwenye mzinga wa viunzi vya juu, sogeza masega yao pamoja upande wa mlango, kisha weka ubao wa kuzibia nyuma ya sega la mwisho. Kwenye mzinga wa maboksi, ondoa boksi la juu lililo tupu. Masega matupu yatoe, uyahifadhi mbali na nondo wa nta. Ukiyaacha ndani, kundi dogo halina askari wa kuyalinda.

Tatu: punguza mlango, lakini usizibe kila tundu. Nafasi ya vidole viwili inatosha kundi dogo kujilinda dhidi ya nyuki wezi kutoka mizinga mingine. Unyevunyevu nao ni adui. Pumzi ya nyuki hugeuka maji kwenye kifuniko cha bati na kuwadondokea. Weka nyasi kavu juu ya viunzi, chini ya bati, na uinamishe mzinga kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke.

Nne: elekeza mlango jua la asubuhi linakogonga, na uupe mzinga kinga ya upepo, hata kama ni ua wa migomba au matete. Jua la mapema huwaamsha mapema, na kwenye siku fupi ya kazi hiyo ni faida kubwa. Pia fyeka nyasi kuzunguka, kwa sababu Julai na Agosti ni miezi ya moto wa porini. Paka oili chafu kwenye waya zinazoning'iniza mzinga kuzuia siafu na sisimizi. Nyegere naye hapendi mzinga unaobembea, kwa hiyo uning'inize mbali na shina la mti.

Tano: wakiwa na njaa, walishe. Chukua kilo moja ya sukari nyeupe na lita moja ya maji yaliyochemshwa, koroga hadi iyeyuke, acha ipoe kabisa. Mimina kiasi kwenye sahani ya kina kifupi, weka vijiti au nyasi juu wapate pa kusimama wasizame, kisha iweke ndani ya mzinga wakati wa magharibi. Usimwage tone nje, utaita wezi na sisimizi. Usitumie sukari guru wala iliyoungua, inawaharibu tumbo. Na hili ni la uaminifu: sukari hiyo ni chakula chao cha dharura. Usiivune baadaye ukamuuzia mtu kama asali.

Sita: makundi mawili madogo yageuze kuwa moja. Wengi hatupendi kwa sababu tunaona tunapoteza mzinga. Ukweli ni kwamba mawili dhaifu mwezi wa sita mara nyingi huwa sifuri mwezi wa nane. Kwa mizinga ya maboksi, ondoa malkia aliye dhaifu, tandika karatasi moja ya gazeti juu ya kundi moja, itoboe vitundu vichache kwa sindano, kisha weka boksi la kundi la pili juu yake. Watatafuna karatasi kidogo kidogo kwa siku chache, na watakapokutana watakuwa wameshazoeana harufu. Ukiwaunganisha ghafla watauana. Hata gazeti hili, ukishamaliza kulisoma, linaweza kufanya kazi hiyo. Kama hujawahi, mwite mfugaji mzoefu au afisa nyuki wa wilaya akusimamie mara ya kwanza.

Kwa wenzetu wa Serengeti

Wazazi wa upande wa Mugumu na vijiji vinavyopakana na hifadhi mmeniandikia kwamba kwenu tatizo la kwanza ni tembo. Huenda mmesikia habari za uzio wa mizinga. Nchini Kenya mtafiti Lucy King alionyesha kwamba tembo hukimbia wanaposikia mlio wa nyuki waliochokozwa. Akatengeneza uzio wa mizinga inayoning'inia kila baada ya mita 10, imeunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka.

Ni jambo zuri, lakini linaturudisha palepale. Mzinga usio na nyuki haumtishi tembo aliyekwisha zoea. Kipindi ambacho nyumbu wanavuka Mto Mara na nyasi zimekauka ndicho kipindi makundi madogo huhama. Kwa hiyo anayetaka uzio wa nyuki aanze na kuwatunza wasihame kiangazi. Awawekee maji karibu, kwenye karai lenye mawe ya kutua. Awaachie asali yao. Na tusiwaruhusu vijana wetu kuingia hifadhini kurina asali kwa moto. Ni kosa kisheria, na moto huo huua miti ileile inayowalisha nyuki wetu.

Usalama wa watoto

Hapa sitaki mzaha. Mizinga ikae mbali na nyumba, zizi na njia ya shule. Mbuzi au ng'ombe aliyefungwa kamba karibu na mizinga hawezi kukimbia, na nyuki wetu wakikasirika hawaachi upesi. Mtoto asifungue mzinga bila mtu mzima, na asiende bila vazi la kujikinga, hata kama amezoea.

Akiumwa na nyuki mmoja au wawili, toa mwiba mara moja. Ukwangue kwa ukucha na usipoteze muda kutafuta kifaa, kwa kuwa mwiba huendelea kusukuma sumu. Osha kwa maji na sabuni, kanda kwa kitambaa cha maji baridi. Wakimvamia wengi, afunike uso kwa nguo, akimbie moja kwa moja hadi ndani ya nyumba na mlango ufungwe. Asijitupe mtoni, nyuki watamsubiri juu. Mtoto akivimba midomo au uso, akipumua kwa shida, akitapika, akitokwa na vipele mwili mzima au akizimia, huo si wakati wa dawa za nyumbani. Mkimbize hospitali. Fanya hivyo pia akiumwa na nyuki wengi hata kama anaonekana mzima.

Jingine ni kwa akina mama wenye wachanga, na bibi zao wanaopenda kulambisha. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata tone la kwenye kidole. Asali safi kabisa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mkubwa huvimudu lakini kwa mchanga huzalisha sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumua. Akishapita mwaka mmoja, ale.

Deni langu

Narudi kwa mwanangu. Siku ya pili baada ya kutoka kwa mzee nilimkalisha chini ya mparachichi ule ule. Nikamwambia, "Nyuki wako hawakufa kwa baridi. Nilichukua asali yao, nikijua ni yako, na sikukuambia. Nimekosa." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mtoto maneno hayo. Nilidhani heshima yangu ingepungua. Alichosema ni, "Ungeniuliza, Baba. Ningekupa. Lakini tungewaachia kidogo."

Nilimpa mmoja kati ya mizinga yangu mitano, akachagua mwenyewe. Nikamnunulia daftari. Kila Jumamosi alikuwa akiandika: masega mangapi yana nyuki, maua gani yametoa, mvua imenyesha siku ngapi. Msimu uliofuata bumba jingine likaja, dogo kuliko lile la kwanza, akaliweka kwenye mzinga wenye jina lake la mkaa.

Juni ikafika tena. Binti alihitaji nauli ya kurudi shuleni. Tulifungua mizinga pamoja, mimi na kijana wangu, moshi ukiwa mkononi mwake. Tulipofika kwenye ule mdogo alihesabu masega, akanigeukia. "Manne na nusu, Baba. Hawa bado. Tufunge." Nikafunga. Kesho yake nikapeleka mbuzi mnadani.

Mwezi huo wa saba tulikuwa tukipanda kilimani asubuhi kabla ya jua, yeye anaweka sikio ubavuni mwa mzinga na kusikiliza. Siku zote ulikuwa unavuma, taratibu, kama mtu anayeguna usingizini. Ulivuma mpaka maua ya vuli yakafunguka. Desemba akavuna asali yake ya kwanza, masega matatu. Moja alimpelekea yule mzee. Viatu vya mpira alinunua kabla ya Krismasi, vikubwa kidogo ili vidumu.

Mzazi mwenzangu, kabla hujaingiza kisu mwezi huu, mwite mtoto aje ahesabu masega pamoja nawe. Na kama kwenye nyumba yako kuna mzinga, kuku au mche uliowahi kumwambia mtoto kuwa ni wake, usiuguse bila kumuuliza. Tuonane wiki ijayo.